Daktari akikwambia 15 kwa 100, muulize: hesabu hii ni ya nani?

Hebu fikiria, msomaji, kwamba umemsindikiza baba yako kliniki siku ya Jumamosi. Mzee ana umri wa miaka 54. Hana ugonjwa wa kumlaza kitandani. Amekuja kupimwa presha kwa sababu mama yako amemsumbua wiki tatu nzima. Daktari anampima, anamuuliza kama anavuta sigara, anatazama karatasi iliyotoka maabara, kisha anabonyeza tarakimu kadhaa kwenye kompyuta iliyo mezani.

"Mzee," anasema, "uwezekano wako wa kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka kumi ijayo ni asilimia 15. Ingefaa tuanze dawa."

"Umejuaje, daktari?" baba anauliza.

Foleni nje ni ndefu. Daktari anatabasamu, anasema kompyuta ndiyo imepiga hesabu, kisha anaandika dawa. Mnapoelekea kituo cha matatu kila mmoja anawaza lake. Baba anawaza kaburi. Wewe unawaza bei ya tembe za kila siku kwa miaka kumi, na karo ya mdogo wako ambayo haijakamilika. Je, ikiwa hesabu ile si ya kweli? Na je, ikiwa ni ya kweli nanyi mkaidharau?

Swali la mzee lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Hesabu za namna hii zimeingia katika hospitali nyingi duniani, na zinaamua nani apewe dawa, nani alazwe na nani arudi nyumbani. Kwa hivyo inafaa wewe na mimi tujue zinavyoundwa, na zaidi ya hapo, zinavyopimwa kabla ya kuaminiwa.

Si uganga, ni kuhesabu

Pengine unadhani jambo hili ni geni kwako. La, si geni. Ikiwa wewe ni mzazi, huenda umewahi kuliona kwenye kadi ya kliniki ya mwanao, mahali palipoandikwa Apgar na alama kama 9 juu ya 10.

Alama hizo zilibuniwa mwaka 1952 na daktari Mmarekani, Virginia Apgar, aliyekuwa akifanya kazi New York, na zikachapishwa mwaka 1953. Mkunga hutazama mambo matano mara mtoto anapozaliwa: rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, jinsi mtoto anavyoshtuka akiguswa, nguvu za misuli na kupumua. Kila moja hupewa 0, 1 au 2. Jumla ikiwa ndogo, watu hukimbia kumsaidia mtoto. Jumla ikiwa kubwa, mama hupewa mwanawe amkumbatie.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Unachukua ishara chache unazoweza kuziona leo, unazipa uzito, unajumlisha, na jumla inakuonya kuhusu kesho. Apgar alitumia ujuzi wake wa kazi kuchagua uzito huo. Waliomfuata waliamua kutumia takwimu.

Mji uliokubali kuchunguzwa

Mwezi Aprili mwaka 1945 Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo baada ya kuugua presha kwa miaka mingi. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba presha kupanda ni sehemu tu ya kuzeeka. Kifo chake kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowazindua Wamarekani. Mwaka 1948 serikali yao ilianzisha uchunguzi mkubwa katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts.

Watu wazima 5,209 walikubali kushiriki. Kila baada ya miaka miwili walipimwa presha, mafuta kwenye damu na uzito, wakaulizwa kuhusu sigara na mengineyo. Kisha watafiti walifanya jambo ambalo wengi wetu hatuna subira nalo: walingoja. Walingoja mwaka hata mwaka, wakiandika nani amepatwa na mshtuko wa moyo na nani hajapatwa.

Baada ya miaka kadhaa daftari lilianza kusema. Waliokuwa na presha ya juu, mafuta mengi kwenye damu na wavutaji wa sigara walipatwa zaidi kuliko wenzao. Mwaka 1961 watafiti hao walichapisha makala yaliyoeneza ulimwenguni wazo la "visababishi vya hatari" ambalo leo hata mwanafunzi wa sekondari analijua.

Lakini mtu haji kliniki na kisababishi kimoja. Huja na umri wake, presha yake, sukari yake na pakiti yake ya sigara, vyote kwa pamoja. Mwaka 1967 wanatakwimu wa Framingham walionyesha jinsi ya kuvitia vyote katika fomula moja inayotoa jibu kati ya sifuri na mia. Kila kisababishi hupewa uzito kulingana na daftari lilivyosema. Fomula hiyo iliboreshwa mara kadhaa, na ile ya mwaka 1998 ikawa maarufu sana: umri, jinsia, presha, mafuta kwenye damu, kisukari na sigara viliingia, na uwezekano wa ugonjwa wa moyo katika miaka kumi ukatoka.

Sasa unaweza kumjibu baba. Daktari hakutabiri kama mpiga ramli. Alichosema ni hiki: "Nikichukua wanaume 100 wanaofanana nawe kwa umri, presha, sukari na sigara, 15 kati yao watapatwa katika miaka kumi, na 85 hawatapatwa. Wewe u miongoni mwa kundi gani, sijui."

Mtihani ulioonyeshwa majibu

Hapa, msomaji mwanafunzi, tega sikio, kwa sababu kosa la kwanza la watengenezaji wa fomula unalijua vizuri kutoka darasani.

Tuseme mwalimu amewapa maswali 50 pamoja na majibu yake, nanyi mkayakariri. Siku ya mtihani akaleta maswali yale yale 50. Mwanafunzi akipata 48, je, amejua hesabu? Huwezi kusema. Huenda amejua, au huenda amekariri tu. Mpe karatasi mpya ndipo utajua.

Fomula nayo hukariri. Tuseme watafiti wana kumbukumbu za wagonjwa 200, na 20 kati yao walifariki. Watafiti wanajaribu mambo 30: umri, uzito, presha, joto la mwili, mtaa, hata siku ya kulazwa. Kwa bahati tu huenda ikawa wengi wa wale 20 walilazwa Jumanne. Fomula haina akili ya kujiuliza. Itaandika kwamba Jumanne ni siku ya hatari. Ukiijaribu kwa wagonjwa wale wale 200 itapasi kwa alama za juu. Ukiipelekea wagonjwa wa mwaka ujao itaaibika.

Utaona pia kwamba idadi inayohesabika hapo si ile 200. Ni ile 20, yaani wale waliopatwa na jambo linalotabiriwa. Kwa miaka mingi wanatakwimu walifuata desturi ya kudai angalau watu kumi waliopatwa kwa kila kisababishi kinachojaribiwa. Kwa desturi hiyo, wenye vifo 20 wangejaribu mambo mawili tu, si 30. Siku hizi kuna njia za hesabu zilizo makini zaidi za kuamua ukubwa wa kundi, lakini funzo limebaki pale pale: kumbukumbu chache na maswali mengi huzaa fomula yenye kiburi.

Ipo njia nzuri ya kuikamata fomula inayokariri, na unaweza kuielewa kwa kikapu tu. Andika majina ya wagonjwa 200 kwenye vikaratasi. Chomoa kimoja, nakili jina, kirudishe, tikisa kikapu, chomoa tena, hadi upate majina 200. Wengine watatokea mara mbili au tatu, wengine hawatatokea kabisa. Unda fomula upya kwa kundi hilo, kisha uipe mtihani kwa wagonjwa wote wa awali. Rudia mamia ya nyakati. Tofauti kati ya alama inazopata nyumbani kwake na zile inazopata kwa kundi la awali hukuonyesha ni kiasi gani fomula ilijisifu bure. Njia hii ililetwa na Bradley Efron wa Marekani mwaka 1979, na kompyuta huifanya kwa dakika chache.

Hata hivyo kikapu kina upungufu mmoja. Majina yote yaliyomo ni ya nyumbani.

Nafasi darasani na alama zenyewe

Kabla hatujasafiri, tujue fomula hupimwa kwa nini. Kuna maswali mawili, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni hili: je, fomula inawapambanua watu? Chukua mmoja aliyepatwa na ugonjwa na mmoja ambaye hakupatwa. Je, fomula ilimpa yule wa kwanza alama za hatari zaidi? Fanya hivyo kwa kila jozi inayowezekana. Ikipatia katika jozi zote, imepata 1. Ikipatia nusu tu, yaani 0.5, ni sawa na kurusha sarafu.

La pili ni hili: je, asilimia inayotajwa ni ya kweli? Ukiwakusanya wote walioambiwa 15 kwa 100, je, ni kweli kwamba takriban 15 katika kila 100 walipatwa?

Fikiria mwalimu anayewapanga wanafunzi sawasawa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, lakini humwongezea kila mmoja alama 20. Mzazi anayetazama nafasi ya mwanawe darasani hana la kulalamika. Mzazi anayetazama alama ili kujua kama mtoto ataingia chuo kikuu amedanganywa. Fomula inaweza kuwa kama mwalimu huyo: hodari wa kupambanua, mwongo wa asilimia. Na baba yako aliambiwa asilimia, hakuambiwa yeye ni wa ngapi katika foleni.

Usisafirie nyota ya mwenzio

Wahenga wetu wa pwani waliokuwa mabaharia walionya kwamba mtu asisafirie nyota ya mwenzake. Fomula ya Framingham ilisafirishwa kila mahali, na yaliyotokea yanafundisha.

Mwaka 2003 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wanaume Waingereza 6,643 waliokuwa wamefuatiliwa kwa miaka kumi. Fomula ilikuwa imekadiria kwamba asilimia 16 kati yao wangepatwa na ugonjwa wa moyo. Waliopatwa walikuwa asilimia 10.2. Fomula ilizidisha kwa zaidi ya nusu.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Uchina. Huko watafiti walikuwa na watu zaidi ya 30,000 wa mikoa mbalimbali. Katika sehemu ya kumi ya wanaume waliohesabiwa kuwa na hatari kubwa zaidi, fomula ilikadiria 20 kwa 100. Hali halisi ilikuwa 3 kwa 100.

Je, Wamarekani walikosea hesabu? La hasha. Hesabu ilikuwa sahihi kwa Framingham. Mji ule ulikuwa wa watu wengi weupe, katika nchi na kipindi ambapo ugonjwa wa moyo ulikuwa umezagaa mno. Mwingereza wa miaka ya baadaye aliishi katika mazingira mengine. Mchina naye alisumbuliwa na kiharusi zaidi kuliko mshtuko wa moyo.

La kutia moyo ni kwamba hata Uchina fomula ile iliendelea kuwapambanua watu vizuri. Aliyevuta sigara na mwenye presha bado alikuwa hatarini kuliko mwenzake. Kilichoharibika ni asilimia tu. Watafiti walipoondoa wastani wa Framingham na kuingiza wastani wa Wachina wenyewe, hesabu ilirudi kwenye mstari. Ni kama kununua suti ya mtumba Gikomba: kitambaa ni kizuri na mishono ni imara, lakini fundi lazima akate mikono na kupunguza kiuno kabla hujaivaa harusini.

Huenda unajiuliza, kuna ubaya gani kutia chumvi kidogo ili watu wajihadhari? Tufanye mfano. Tuseme kuna dawa inayopunguza hatari kwa theluthi moja. Ikiwa hatari ya kweli ni 15 kwa 100, wanaume 100 wakimeza dawa kwa miaka kumi, watano wataokolewa. Ikiwa hatari ya kweli ni 3 kwa 100, ataokolewa mmoja. Dawa ni ile ile, gharama ni ile ile, madhara yake ni yale yale. Familia yenye pesa kidogo ina haki ya kujua iko katika hesabu ipi. Na fomula inayopunguza hatari ni mbaya vilevile, maana humrudisha nyumbani mtu aliyehitaji msaada.

Nafasi zilizoachwa wazi

Waingereza waliamua kuunda fomula yao wenyewe. Walitumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja zilizohifadhiwa kwenye kompyuta za zahanati, na mwaka 2007 wakatoa fomula iliyoitwa QRISK.

Mara tu ilipochapishwa wasomaji makini waliona kioja. Kulingana na fomula hiyo, mafuta kwenye damu yalikuwa karibu hayana athari yoyote kwa moyo! Jambo lililothibitishwa kwa miongo kadhaa lilikuwa limetoweka. Kulikoni?

Wagonjwa wengi katika kumbukumbu hizo walikuwa hawajawahi kupimwa mafuta. Nafasi zilikuwa wazi. Watafiti walizijaza kwa njia ya takwimu inayokisia kipimo kutokana na mambo mengine ya mgonjwa, lakini namna ya kujaza ilikuwa na kasoro, na ukweli ukapotea humo. Waliirekebisha, na athari ya mafuta ikarudi mahali pake. Fomula hiyo imeboreshwa mara kadhaa tangu hapo na ingali inatumika Uingereza.

Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, mamilioni ya kumbukumbu hayaondoi haja ya kufikiri. Nafasi iliyoachwa wazi ina sababu yake, kwani mara nyingi anayepimwa ni yule ambaye daktari amemshuku. Pili, kosa lile lilionekana kwa sababu kazi ilichapishwa hadharani, kila mtu akaona uzito wa kila kisababishi. Fomula iliyofichwa isingesahihishwa upesi hivyo.

Mashine nayo ifanye mtihani

Siku hizi tunasikia mengi kuhusu kompyuta zenye akili bandia. Wengine wanadhani mambo haya ya kikapu na mitihani yamepitwa na wakati. Hayajapitwa.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kuupima mfumo wa kompyuta wa kampuni ya Epic ambao tayari ulikuwa ukitumika katika mamia ya hospitali. Kazi yake ni kuonya kwamba mgonjwa yu karibu kupatwa na sepsisi, yaani hali ambapo mwili unazidiwa na maambukizi hadi viungo vinaanza kushindwa kufanya kazi. Ni ugonjwa wa kukimbizana na saa.

Kwenye kipimo kile cha jozi nilichokueleza, kampuni ilikuwa imetaja alama kati ya 0.76 na 0.83. Huko Michigan mfumo ulipata 0.63. Kati ya wagonjwa 2,552 waliopatwa na sepsisi, uliwakosa 1,709. Isitoshe, ulipiga kengele kwa karibu mgonjwa mmoja katika kila sita waliolazwa, kwa hivyo wauguzi walikuwa hatarini kuzoea kelele na kutoinua kichwa. Kampuni ilipinga namna uchunguzi ulivyofanywa, na baadaye ikaufanyia mfumo wake marekebisho. Lakini ni nani angejua yote hayo kama hakuna aliyejitolea kuupa mtihani ugenini?

Tuna nini sisi nyumbani?

Tusidhani kwamba sisi ni wa kupokea tu. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Kilifi. Ulihusu watoto zaidi ya 3,000 waliofika wakiwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Lengo lilikuwa kujua kama kuwaongeza maji haraka kwenye mshipa kunawasaidia. Jibu liliushangaza ulimwengu: walioongezwa maji haraka walifariki zaidi. Mwongozo uliozoeleka katika nchi tajiri ulikuwa haufai kwa watoto hawa.

Kumbukumbu zile hazikutupwa. Mwaka 2015 zilitumiwa kuunda alama za kutambua mtoto aliye hatarini zaidi anapofika hospitalini. Alama hizo huanzia 0 hadi 10, na mambo yake manane yote hupatikana kando ya kitanda: joto, mapigo ya moyo, fahamu, weupe wa kukosa damu, shida ya kupumua, sauti za mapafu, udhaifu wa mpigo wa mshipa, na muda rangi inaochukua kurudi ukibonyeza kidole. Hakuna kinachongoja maabara. Watafiti hawakuishia hapo. Walizijaribu pia kwa watoto wengine ambao hawakuwamo katika FEAST.

Kwa upande wa moyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya mwaka 2019. Dunia iligawanywa katika maeneo 21, na hesabu ikarekebishwa kulingana na hali ya kila eneo, kama yule fundi wa suti. Kenya imo katika eneo la Afrika ya Mashariki. Zipo chati za aina mbili: moja inahitaji kipimo cha mafuta na sukari, nyingine inatumia umri, jinsia, sigara, presha, urefu na uzito tu. Rangi huanza na kijani na kuishia nyekundu iliyoiva. Zahanati isiyo na maabara inaweza kuitumia.

Lakini tusijisifu mapema. Kurekebisha wastani ni hatua ya kwanza. Hatua inayobaki ni ile ya Framingham yenyewe: kufuatilia watu wetu kwa miaka, na kuona kama waliotabiriwa 15 ni 15 kweli. Kazi hiyo inahitaji kumbukumbu zinazotunzwa, muuguzi anayejaza fomu bila kuruka mstari, na mgonjwa anayerudi anapoitwa. Kwa hivyo siku utakapoombwa ukubali rekodi zako zitumike katika utafiti, usikimbilie kukataa. Uliza zitalindwaje, kisha uamue.

Maswali manne ya kubeba kliniki

Nawe ukirudi na baba kliniki, si kukosa adabu kuuliza. Uliza kwa heshima.

Kwanza: "Daktari, fomula hii iliundwa kwa kumbukumbu za watu gani, na lini?" Pili: "Je, imewahi kujaribiwa kwa watu kama sisi, na asilimia zake zikaonekana za kweli?" Tatu: "Hiyo 15 ni ya miaka mingapi, na ni ya ugonjwa gani?" Nne: "Mzee akimeza dawa hii, au akiacha sigara, 15 itashuka hadi ngapi?"

Huenda daktari asiwe na majibu yote manne papo hapo. Usimdharau kwa hilo. Tangu mwaka 2015 kuna mwongozo wa kimataifa uitwao TRIPOD unaowataka watengenezaji wa fomula waeleze wazi mambo kama haya katika ripoti zao, kwa hivyo mengi ya majibu yanaweza kutafutwa.

Jambo moja tafadhali usilifanye. Usisome makala haya kisha ukamwambia mzee atupe dawa. Tumeona kwamba hata fomula iliyopotea njia Uchina bado ilijua nani yuko hatarini kuliko mwenzake. Presha ya juu ni presha ya juu Framingham, Beijing na Kayole. Sigara nayo haijui mpaka. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa hatari, si kuwepo kwake, na ubishi huo hutatuliwa na daktari aliyekaa na mgonjwa, si na jirani wala gazeti.

Mwambie baba kwamba 15 kwa 100 si hukumu. Kati ya wenzake 100, 85 watafika mwisho wa miaka kumi bila mshtuko wa moyo wala kiharusi, na kuna mambo anayoweza kuyafanya ili idadi hiyo iongezeke. Kisha mfuatilie mama yako naye akapimwe presha. Alimsumbua mzee wiki tatu nzima, lakini yeye mwenyewe hajapimwa.